Kibonzo cha kubeza waandamanaji ni nini?

Kibonzo cha kubeza waandamanaji ni mchoro unaomfanya msomaji amcheke anayedai, asipate nafasi ya kulipima anachodai. Watu wametoka barabarani kulalamikia ujira, kodi, bei ya mazao, au pengo kati ya walionacho na wasionacho. Mchoraji anawachukua, anawapaka uchafu, anawatia mawe mikononi na kuwafumbua midomo hadi magego yaonekane, kisha lile lililowatoa nyumbani analiacha nje ya fremu. Msomaji anacheka, anageuza ukurasa. Hakuna aliyelijibu dai, lakini limeshachuja.

Siyo kila kibonzo cha maandamano kiko hivyo, na nitafika huko. Kwanza tukione kinavyotengenezwa.

Mfano ni wa kubuni, ila tatizo lake halijabuniwa. Mkulima wa viazi wa Isongole, Rungwe, anaijua lumbesa kuliko anavyomjua diwani wake. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linaongezwa kilemba juu na kushonewa, mzigo unapita kilo 100 zinazoruhusiwa, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Tuseme asubuhi moja wakulima hao wanakaa kwenye lami ya kwenda Tukuyu na mabango yao: wanataka mizani. Wachoraji watatu wa magazeti matatu wanaipata habari hiyo.

Wa kwanza anachora gunia refu kuliko mgomba. Dalali kakaa juu yake anahesabu noti, mkulima yuko chini kalibeba, shingo imezama mabegani. Huyu ana upande wake, wala hafichi.

Wa pili anachora watu wenye macho mekundu, shati limefungwa kifungo kimoja, kopo la komoni, pombe ya kienyeji, mkono wa kushoto na jiwe mkono wa kulia. Bango lao limeandikwa "MIZANNI". Nyuma yao malori na Coaster zimekwama kwenye foleni, na ndani ya bajaji ya mbele mama mjamzito kashika kiuno. Ukilitafuta gunia kwenye mchoro huo hulioni. Dalali naye hayupo.

Wa tatu kawafunga wakulima nyuzi mikononi na miguuni. Nyuzi zinapanda hadi kwa bwana mwenye suti aliyejibanza nyuma ya kichaka, na mfukoni mwake noti za kigeni zinachungulia. Chini kuna maneno mawili tu: "Wametumwa hawa."

Wakulima ni walewale, lami ni ileile. Michoro miwili ya mwisho ndiyo ninayoizungumzia, na haifanani kwa ubaya. Ule wa pili unashambulia mwili: harufu, ulevi, ujinga wa kuandika. Hata lile kosa la tahajia lina kazi yake, maana linamnong'oneza msomaji kwamba asiyejua kuandika neno hawezi kujua hesabu, wakati aliyeishia darasa la saba anaujua uzito wa gunia lake kwa mgongo. Ule wa tatu kwangu ni hatari zaidi. Mchafu anaweza kuoga akasikilizwa kesho yake. Aliyeambiwa katumwa hana la kufanya: akija na takwimu, ni za mwenye suti, akinyamaza, kalipwa anyamaze.

Kwa nini wachoraji huangukia huko, hata wale wasio na nia mbaya? Sehemu kubwa ni ufundi wenyewe. Kibonzo kina fremu moja na sekunde chache za macho ya mtu aliyesimama mbele ya meza ya magazeti pale Kabwe, jijini Mbeya, mguu mmoja ukiwa tayari kukimbilia daladala. Lazima kitumie alama ambazo kila mtu anazijua: kitambi ni tajiri, kiraka ni maskini. Sasa jaribu kuchora riba. Jaribu kuchora msamaha wa kodi, au njia ndefu ya jani la chai kutoka kwa mchumaji wa Mufindi hadi mnadani, na nani kakata nini njiani. Ukosefu wa usawa hauna pua wala meno. Mtu aliyekasirika anavyo vyote viwili, na akipiga kelele anachoreka vizuri zaidi. Kwa hiyo mchoraji mwenye saa mbili kabla gazeti halijaenda mtamboni anachora kinachoonekana, yaani fujo, na kuacha kisichoonekana, yaani sababu ya fujo.

Sehemu nyingine ni mwenye gazeti. Gazeti la chama, la serikali au la mfanyabiashara lina mambo ambayo mhariri hahitaji kuambiwa.

Wasomi wa habari wana jina la tabia hii pana: kiolezo cha maandamano. Joseph Chan na Chin-Chuan Lee waliandika kuhusu magazeti ya Hong Kong mwaka 1984, wakaonyesha kuwa tukio moja la maandamano hubadilika sura kufuatana na msimamo wa kisiasa wa gazeti linaloliripoti. Waliowafuata, akina Douglas McLeod na James Hertog, walichambua namna habari zinavyokimbilia vurugu, mavazi na kauli za polisi, huku madai yakipewa mstari mmoja chini kabisa. Habari ya maandishi inaweza angalau kubanwa na mhariri makini aulize, "upande wa pili umesemaje?" Kibonzo hakiulizwi swali hilo. Kina ruhusa ya kutia chumvi, ndiyo kazi yake, na ruhusa hiyo ndiyo inayokifanya kiolezo kifanye kazi vizuri zaidi kwenye mchoro kuliko kwenye habari.

Mambo haya ni ya zamani. Uchumi wa Marekani uliyumba vibaya mwaka 1873, watu wakapoteza kazi. Tarehe 13 Januari 1874 wasio na kazi walikusanyika Tompkins Square, New York, wakidai mji uanzishe kazi za kuwaajiri. Polisi wakawavamia kwa virungu, wengine wakiwa juu ya farasi. Wiki chache baadaye Thomas Nast, mchoraji maarufu kuliko wote nchini humo, alichora kwenye jarida la Harper's Weekly mifupa mitupu ya binadamu iliyovaa mshipi wa ukomunisti ikimrubuni fundi mwenye familia. Njaa haikuwa kwenye mchoro, virungu havikuwepo. Palikuwa na kifo kikimvizia mfanyakazi mwema asiyejua analolitenda.

Nast hakuwa kibaraka wa wakubwa. Miaka mitatu tu kabla ya hapo alikuwa amemwandama kwa vibonzo William Tweed, kigogo wa siasa za New York aliyekuwa anaukomba mji huo, hadi Tweed akaanguka. Kalamu isiyomwogopa mwizi wa juu iligeuka ikamwogopa mwenye njaa wa chini. Naona hili linasahaulika tunapowasifu wachoraji: ujasiri wa kumchora mkubwa haumpi mtu kinga ya kuwadharau wadogo.

Mwaka 1886 mambo yakawa makubwa zaidi. Kuanzia Mei 1, wafanyakazi wa Chicago na miji mingine waligoma wakitaka siku ya kazi iwe na urefu wa saa nane. Usiku wa Mei 4, kwenye mkutano wa Haymarket, mtu alirusha bomu. Polisi saba walikufa, na raia nao walikufa. Aliyelirusha hakujulikana mpaka leo, lakini wanaharakati wanane walitiwa hatiani na wanne kati yao wakanyongwa Novemba 1887. Kwenye magazeti ya zama zile mdai wa haki za kazi akapewa sare ambayo hakuwahi kuivua: ndevu za kichaka, macho ya kichaa, kisu kiunoni, bomu la mviringo lenye utambi unaowaka. Kwa kuwa wengi wa waliohukumiwa walikuwa wazaliwa wa Ujerumani, mdai akawa pia mgeni aliyeleta fujo. (Nast mwenyewe alizaliwa Ujerumani.) Bomu lilikuwa la kweli, na waliokufa walikufa kweli. Ila maelfu waliogoma kwa ajili ya saa nane hawakuwa wamelishika, na mchoro uliwashikisha wote.

Siku hizo ndizo zilizotuletea Mei Mosi. Mwaka 2019 sherehe zake za kitaifa zilifanyika hapa Mbeya, uwanja wa Sokoine, rais akiwa mgeni rasmi, watu wakipita mbele ya jukwaa kuu kwa fulana na kofia mpya. Vuguvugu lililochorwa kama genge la wauaji sasa lina sikukuu ya serikali, na hakuna anayemchora mwalimu aliyepita mbele ya jukwaa la Sokoine akiwa na bomu la utambi.

Sura ya pili iliyoenea dunia nzima ilikuja mwaka 2011. Septemba 17 waandamanaji walipiga kambi Zuccotti Park, jirani na Wall Street, New York, wakisema wao ni asilimia 99 na utajiri umekusanywa na asilimia moja. Walikuwa wanalalamikia mambo ya mwaka 2008, mabenki yalipoyumba na serikali ikaidhinisha dola bilioni 700 za kuyaokoa, huku watu wa kawaida wakipoteza nyumba. Vibonzo vya kuwabeza vilijaa mahema, ngoma, nywele za rasta, nzi juu ya vichwa. Kimoja kilichorudiwa na wachoraji wengi kilimwonyesha kijana akiyalaani makampuni huku ameshika simu ya bei mbaya na kahawa ya mgahawa mkubwa. Ni hoja ya kitoto ukiikazia macho, maana mkulima anayelalamikia bei ya mbolea naye anainunua mbolea hiyohiyo, lakini kwenye fremu moja inachekesha. Wanasiasa nao walizungumza kwa lugha ya vibonzo: Newt Gingrich, aliyekuwa anautafuta urais, aliwaambia waende wakatafute kazi wakishamaliza kuoga.

Kambi ile ilivunjwa na polisi Novemba 15. Katikati ya mwezi huohuo Mwanjelwa, hapa Mbeya, kulikuwa kunafuka moshi. Wamachinga waliozuiwa kupanga bidhaa kando ya barabara walipambana na polisi, matairi yakachomwa, mabomu ya machozi yakapigwa, barabara kuu ya Zambia ikafungwa. Maelezo mafupi ya tukio hilo, ambayo unaweza kuyachora kwa dakika tano, ni kwamba wahuni walifanya vurugu. Maelezo marefu yanaanza mwaka 2006 soko la Mwanjelwa lilipoungua, na kwamba mwaka 2011 soko jipya lilikuwa bado halijakamilika. Sidai kwamba kurusha mawe kulikuwa sawa. Ninachosema ni kwamba tairi linaloungua lina rangi na moshi, na soko lisilokwisha halina, kwa hiyo mchoraji akikaa mezani moja linamwita na lingine limekaa kimya.

Nchini kwetu picha za unyonyaji ziliwahi kuelekezwa juu. Zama za Azimio la Arusha, bepari alikuwa na kitambi na mrija mdomoni, na mnyonyaji aliitwa kupe. Lakini kupe huyohuyo hakukaa juu tu. Alishushwa hadi kwa kijana wa mjini asiye na kazi, aliyeitwa mzururaji na mla jasho la wenzake, na kampeni ya serikali ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ya kuwaondoa mijini wasio na kazi, ikamkuta lugha ya kumkamatia imeshaandaliwa. Mdudu mmoja alimtosha mwenye viwanda na asiye na hata meza ya karanga. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi alama ya kibonzo inavyoweza kuhamishwa bila hata kuchorwa upya.

Tulikuwa pia na utani wa Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na baadaye akaja Kipanya wa Masoud, na Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, jina ambalo mtu wa Tukuyu hahitaji kuambiwa limetoka wapi. Kazi bora za wachoraji hawa wa karibuni zinambana mkubwa, na msomaji wa Iringa au Mbeya amezoea kuamini kwamba hiyo ndiyo kazi ya kibonzo. Mazoea hayo yana kasoro moja: tukiona kibonzo tunadhani moja kwa moja kwamba kiko upande wetu.

Je, waandamanaji hawachoreki vibaya kwa haki? Wanachoreka. Kiongozi wa mgomo anayekula michango ya wenzake anastahili kuchorwa na shavu limejaa. Anayechoma kibanda cha mama lishe kwa hasira za halmashauri anastahili kuulizwa kamchomea nani. Vibonzo vya aina hiyo vinataja kitendo na aliyekitenda, na dai lenyewe unaweza kulikuta mle ndani, hata kama linapingwa. Kinachoitwa kubeza kinaanzia pale kosa la mmoja linapokuwa sura ya wote.

Siku hizi hata gazeti si lazima. Picha ya kubeza inatengenezwa kwa simu, inapita kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Makambako hadi Tunduma kabla jua halijapanda, na haina saini. Mchoraji wa gazeti akichora, jina lake liko pembeni na mhariri wake ana ofisi. Aliyekasirika anajua pa kwenda. Hii nyingine ukiuliza kwenye kundi nani kaichora na kwa nini, unajibiwa kwa vikatuni vinne vya kucheka na tangazo la shamba linalouzwa Chimala.