Barua ya mmoja, adhabu ya wengine

Juzi mama mmoja wa kundi letu la barua pepe alinipigia simu. “Mwanangu, nimekosa nini mpaka mmenitoa?” Hakuna binadamu aliyemtoa. Ni Mailman, programu inayoendesha kundi, ndiyo iliyomsimamishia barua, tena kwa kosa lisilo lake. Kwenye logi nikakuta wenzake kibao wamesimamishwa saa ileile, na wote wana anwani kwa mtoa huduma mmoja.

Seva zinapopelekeana barua hujibizana kwa namba. Yangu inabisha hodi, inataja mtumaji na mpokeaji, inasubiri. Jibu likianza na 2, barua imepokelewa. Likianza na 4, njoo baadaye: labda kisanduku kimejaa, labda wenyeji wana shughuli. Barua itakaa kwenye foleni, na Postfix, programu inayopeleka barua kwenye seva yangu, usipogusa mipangilio yake, itajaribu tena na tena kwa siku 5 ndipo ikate tamaa. Likianza na 5, usirudi.

Wengi hudhani ile taarifa ya “barua yako haikufika” huandikwa na aliyeikataa. Kwa kawaida sivyo. Aliyekataa husema 550 na maelezo mafupi, basi. Aliyebaki na barua mkononi ndiye mwenye wajibu wa kumwarifu mwenyewe. Taarifa hiyo huondoka na bahasha (yaani yale majina ya mtumaji na mpokeaji ambayo seva hutajiana) isiyo na anwani ya mtumaji, makusudi, ili nayo ikikataliwa isizae taarifa nyingine, zikaanza kupigana danadana usiku kucha.

Barua za kundi zina bahasha yenye anwani ya kundi, si ya aliyeandika. Kwa hiyo zikikataliwa, habari hurudi kwa Mailman, nayo huweka daftari la alama. Kwa mipangilio inayokuja nayo, siku yenye kukataliwa kabisa ni alama 1, hata zikirudi barua 20. Zikifika 5, mwanachama anasimamishwa. Zikipita siku 7 bila tukio jipya, alama za zamani hazihesabiwi tena. Utaratibu mzuri kabisa wa kusafisha anwani zilizokufa.

Ila hausomi sababu. Tulikuwa na msiba, na mweka hazina wa kamati alikuwa anatuma orodha ya michango kila jioni. Kikoa cha anwani yake, ile sehemu inayofuata @, kimetangaza kupitia DMARC, yaani maagizo ya kikoa kwa seva zinazopokea, kwamba barua yoyote inayojiita yake bila uthibitisho ikataliwe. Barua yake ilitoka kwake na saini safi ya DKIM, muhuri wa kidijitali unaoonyesha kwamba barua haijaguswa njiani. Ilipopita kwetu, Mailman ikabandika jina la kundi kwenye kichwa cha habari na mistari miwili chini, saini ikavunjika. SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, nayo haikusaidia, maana ilithibitisha bahasha ya kundi, wakati sehemu ya “Kutoka” bado ina kikoa cha mweka hazina. Mtoa huduma wa yule mama akatii tangazo: 550. Jioni tano, alama tano. Mweka hazina mwenyewe hakuguswa.

Si jambo geni. Aprili 2014 Yahoo ilipotangaza sera hiyo ya kukataa, AOL ikafuata mwezi huohuo, na wasimamizi wa makundi duniani kote wakaamkia maelfu ya barua zilizorudi. Mimi sina kisingizio, nilijua na nikaacha mipangilio ya zamani.

Mailman inaweza kubadilisha “Kutoka” iwe anwani ya kundi, na wengi hufanya hivyo. Siipendi: watu wanataka kuona jina na anwani ya anayeongea, na ukibonyeza kujibu hujui jibu linaenda kwa nani. Nimeondoa kile kiambishi na ile mistari ya chini, barua ipite kama ilivyokuja na saini yake ibaki nzima. Kwa wale ambao vikoa vyao vinakataa na havisaini, hapo tu ndipo nimeruhusu “Kutoka” ibadilishwe.

Nikamrudisha mama, nikampigia kumwambia. Akauliza, “Haya, na michango ilifika ngapi?” Nikamtumia orodha zote tano.