Chatu havunji mifupa jamani, mnanichosha

Juzi nimeitwa shambani huku njia ya Pangani, chatu kakamata mbuzi pembeni ya mkonge. Sijashuka hata kwenye bodaboda nshaanza kupokea ripoti: umechelewa bwana nyoka, kashamvunja mifupa yote, tumeisikia inalia kach kach. Haya. Huwa nanyamaza kwa sababu huwezi kubishana na mtu mwenye msiba wa mbuzi, ila leo niko nyumbani na chai ipo.

Mifupa haimhusu. Anauma kwanza, meno yamelala kuelekea nyuma kama ndoana, kwa hiyo ukivuta ndo unajichana, halafu anajiviringisha mizunguko miwili mitatu kifuani na kukaza. Sumu hana. Taya nalo halichomoki kwenye kiungo wakati wa kumeza kama mnavyosema, ni kwamba lile la chini halijaungana kwa mbele, kila upande unatembea kivyake, tuendelee.

Sasa hapa ndo pananikera, maana ukimwambia mtu mifupa haivunjiki anakujibu haraka aah basi anamnyima hewa, kila akitoa pumzi nyoka anakaza. Na hiyo stori mimi mwenyewe nimeifundisha miaka, kwa mdomo huu huu, watoto wa shule wameiandika kwenye madaftari, naombeni radhi. Mwaka 2015 Scott Boback na wenzake, yeye yuko Dickinson College huko Marekani, waliwapa panya dawa ya usingizi, wakawawekea vipimo vya presha ndani ya mishipa, kisha wakawaachia boa, nyoka mwingine anayeua kwa kubana kama chatu, wawabane. Sekunde 6 tu, presha ya ateri ya pajani imeshuka nusu, na ile ya damu inayorudi moyoni imepanda mara 6. Yaani damu imekaa foleni, moyo unapiga lakini hausukumi kitu cha maana, ubongo unazima. Kama ingekuwa hewa tu mnyama angekuwa na muda, vijana wanaopiga mbizi pale Raskazone, ufukweni Tanga, wanakaa chini na kuibuka wanacheka.

Na nyoka anajua saa ya kuachia. Mwaka 2012 Boback huyo huyo na wenzake walichukua panya waliokufa wakawawekea moyo wa bandia. Moyo ukiwa unadunda, boa anabana muda mrefu zaidi na anarekebisha mizunguko yake, ukiwa kimya anaachia mapema. Anasikiliza mapigo kwa mwili mzima, mimi hii kila nikiikumbuka nasisimka.

Mashaka yangu nisiyafiche. Panya si mbuzi, na boa si chatu wetu, boa anazaa, chatu anataga na kuyalalia mayai. Sijamwekea mbuzi kipimo cha presha akiwa amebanwa, na wala siombi niletewe. Kwa mnyama mkubwa huenda hewa nayo ina mchango wake, huenda sekunde zinaongezeka. Na sikatai kwamba ubavu wa kiumbe mdogo unaweza kupasuka ile purukushani. Ninachokataa ni kusema hiyo ndo njia anayoulia.

Mnaweza kusema tofauti iko wapi, kafa kafa. Iko kwenye kisu. Mzee mwenye mbuzi alikuja mbio na kisu mkononi awahi kuchinja, akaanza kutafuta kichwa cha nyoka ili amlazimishe aachie, kwa hesabu kwamba mbuzi amekosa pumzi tu, akipata hewa kidogo atazinduka. Mikono yake ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye yale meno. Nikamvuta kanzu. Chatu alipoona tumejaa akaachia mwenyewe, akaingia kwenye mkonge, nikamdaka mkia, tukapambana naye tukamtia guniani, kama mita tatu hivi, mnene wa haja. Mbuzi kimya, jicho halipepesi. Kibudu. Hakuna hata aliyeuliza.

"Mzee, shikamoo kwanza, maana tumeanza vibaya. Hebu pitisha mkono hapa ubavuni."

"Unifundishe mbuzi wangu mimi?"

"Hapana mzee wangu, nataka tuhesabu. Kila upande 13."

Akapiga goti. Manyoya yalikuwa yamelala upande mmoja, yamelowa, yana alama za duara pale meno yalipoingia. Akahesabu kwa sauti, kidole kwa kidole, watu wote kimya, akafika 12 akasimama.

"Umeona? Mmoja kavunja."

Ule wa mwisho mfupi, unajificha kule nyuma kwenye nyama laini ya tumbo. Nikamwomba aanzie huko.

"Kumi na tatu," akasema, halafu akanigeukia. "Haya, hiyo kach kach ilikuwa nini?"

Mkonge mkavu, mzee. Walikuwa wanagaragara juu ya majani makavu ya mkonge.