Je, Wajua Kwa Nini Shida Ile Ile Humlaza Mmoja na Kumwamsha Mwingine?

Unga na mafuta vikipanda bei, Mombasa nzima hujua asubuhi kwa kutazama mahamri. Iwe ni Majengo, Mwembe Tayari au Kisauni, wateja huuliza lile lile: "Mama, mbona leo yamenywea?" Muuzaji mmoja huguna tu, na baada ya wiki chache karai lake halionekani tena barazani. Jirani yake ananunua unga duka lile lile na kuuzia mtaa ule ule. Yeye anapunguza mahamri, anaongeza viazi karai kwa sababu viazi vimeshuka bei katika soko la Kongowea, na anachemsha mbaazi usiku ili asubuhi auze na mchuzi wake. Bado yuko kazini.

Kwa nini? Wengi watasema ni maumbile: huyu ana moyo mgumu, yule mnyonge. Wanasaikolojia wana jibu jingine, na wamechukua karibu miaka 50 kulinyoosha.

Mwaka 1967, Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia mbwa. Lilikuwa la kikatili, sitaki kulipamba. Mbwa wa kundi la kwanza walipitishiwa umeme, lakini wakisukuma kibao kwa kichwa ulizimika. Kundi la pili lilipata umeme ule ule kwa muda ule ule, ila hawa walichofanya hakikubadili chochote. Baadaye wote wakatiwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi, ambapo kuruka tu kulitosha kujiokoa. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walijilaza wakavumilia. Maumivu yalikuwa sawa. Kilichowatenganisha ni kwamba hawa wa kwanza walishaona kitendo chao kikileta matokeo.

Kwa muda mrefu ikasemwa kwamba kukata tamaa ni somo ambalo kiumbe hufundishwa na mateso. Kisha mwaka 2016 wawili hao hao wakaandika kwamba walilielewa jambo kinyumenyume. Maier alikuwa amechunguza ubongo wa panya kwa miaka mingi, akaona kwamba shida isiyoisha huamsha eneo dogo kwenye shina la ubongo, eneo hilo hutoa kwa wingi kemikali iitwayo serotonini, na mnyama hunyong'onyea. Hilo halihitaji kufundishwa, linakuja lenyewe. Kinachofunzwa ni kujua kwamba "hapa lipo ninaloliweza". Sehemu ya mbele ya ubongo ikishaligundua hilo, hulituliza lile eneo la chini. Panya aliyewahi kupata funzo hilo hakulegea kirahisi hata alipokuja kukutana na shida asiyoiweza kabisa.

Mimi naona hii ni habari njema kuliko hotuba zote za kutiana moyo. Anayelegea hana kasoro ya kuzaliwa, ila hajapata mazoezi ya kutosha ya kuona mkono wake ukifanya kazi. Mwezi wa Ramadhani, muuzaji mmoja hufunika karai hadi Idi, mwingine huhamia kaimati na sambusa za futari. Huyu wa pili kila mwaka anaufundisha ubongo wake kwamba mambo yakigeuka, naye anaweza kugeuka nayo. Unga ukipanda, somo analo tayari.

Lakini mtazamo mwema si kuota ndoto tamu. Mwaka 1991, wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kwamba wataweza walipungua zaidi. Waliojichorea picha tamu za namna mambo yatakavyokuwa mepesi walipungua kidogo kuliko wenzao. Oettingen anaeleza kwamba ndoto humpa mtu utulivu wa aliyekwisha kufika, na nguvu za kwenda zikapungua. Anashauri uwaze unalolitaka, kisha ukitazame usoni kizuizi chako, kisha upange: likitokea hili, nitafanya lile. Kijana wa Changamwe anayetafuta kazi bandarini apange hivi: "Wakiniambia hakuna nafasi, sitaondoka kabla ya kuuliza ni cheti gani kinachotakiwa." Pwani tumelelewa na hadithi ya Mtume: mfunge ngamia wako, kisha utawakali. Kamba kwanza.

Wala haya yasitumiwe kumsimanga mtu. Asiyelipwa mshahara miezi kadhaa anadai haki yake, na kumwambia "waza mema" ni kumdhulumu mara ya pili. Na huzuni inayomkalia mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hali wala halali sawasawa, hiyo ni ya kupelekwa hospitali.

Ambapo tunaweza kuanza leo ni kwa watoto. Mtoto akikwama kwenye hesabu, mzazi mwenye haraka hunyakua kalamu akaandika jibu. Muulize, "Umefika wapi, mwanangu?" Mwonyeshe hatua moja tu, inayofuata aitafute mwenyewe, hata kama chakula cha usiku kitapoa.