Jezi zinazofanana katika raga ya ridhaa: dhana potofu na ukweli

Katika raga ya ridhaa, suala la rangi ya jezi hukumbukwa dakika 10 kabla ya mchezo kuanza, timu zinapoingia uwanjani na bluu iliyoiva ikakutana na nyeusi. Hapo kila mtu huwa na kauli yake, na nyingi kati ya kauli hizo, ingawa hutolewa kwa nia njema, humwachia mwamuzi mzigo usiobebeka.

Kauli iliyoenea zaidi ni kwamba mgongano wa rangi ni suala la urembo na televisheni, na kwamba wachezaji waliofanya mazoezi pamoja kwa miezi kadhaa hawawezi kupotezana. Ukweli ni kwamba anayepotea kwanza ni mwamuzi. Mchezaji anapoangushwa na mpira ukabaki chini, wenzake na wapinzani hujazana juu yake, na katika sekunde 2 au 3 mwamuzi hana budi kujua mkono unaoushikilia mpira ni wa upande gani, nani ameingia kutoka ubavuni, na kama walinzi wamesimama nyuma ya mguu wa mwisho wa mwenzao aliye ndani ya rundo. Haoni nyuso, na namba za mgongoni huzipata kwa bahati. Anachokiona ni mikono ya jezi, migongo iliyoinama na soksi. Kwa sababu hiyo mimi, kama mwamuzi, hukagua mikono na soksi kabla ya kutazama kifua, kwani timu yenye kifua cheupe na mikono ya bluu, ikikutana na timu ya bluu tupu, itaonekana tofauti kabisa wakati wa kupiga picha na itafanana nayo pale chini ambapo penalti huamuliwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba rangi zenye majina tofauti haziwezi kugongana. Tarehe 23 Septemba 2007, katika Kombe la Dunia, New Zealand waliiacha jezi yao nyeusi wakavaa ya kijivu dhidi ya Scotland ya bluu iliyoiva kwenye uwanja wa Murrayfield, Edinburgh, wakashinda 40–0. Hata hivyo mchezo huo unakumbukwa zaidi kwa malalamiko kwamba timu hazikutofautishika. Kinacholisaidia jicho linalotupa mtazamo wa haraka ni tofauti kati ya rangi nyepesi na rangi nzito, wala si jina la rangi. Damu ya mzee, kijani cha chupa na nyeusi ni rangi 3 kwa jina, lakini saa 11 jioni, jua likiwa limeinama na jezi zimeloa jasho na tope, huwa kitu kimoja. Njia rahisi ya kupima ni kuziweka jezi mbili chini, kuzipiga picha kwa simu na kuigeuza picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe: zikilingana hapo, zitalingana uwanjani.

Kuna na suala la upofu wa rangi, ambalo hatulizungumzii vya kutosha. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 ana tatizo hilo. Kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengi wao hawajawahi kupimwa. Nyekundu dhidi ya kijani, ambayo kwa wengi ni tofauti iliyo wazi kabisa, kwao inaweza kuwa karibu rangi moja.

Mashabiki waliozoea soka hudai kwamba mgeni ndiye lazima abadilishe. Katika raga, desturi ya zamani ni kinyume chake: mwenyeji hubadilisha kwa heshima ya mgeni aliyesafiri. Mwaka 1930, timu ya Visiwa vya Uingereza ilipozuru New Zealand ikiwa na jezi za bluu iliyoiva, wenyeji waliivua nyeusi yao wakavaa nyeupe. Leo mashindano mengi yana kanuni zake, na hizo ndizo zinazotangulia. Pasipo kanuni, naiona desturi hiyo kuwa ya haki, maana kabati la jezi za akiba liko kwa mwenyeji.

Suluhisho linalopendwa sana ni vizibao vya mazoezi, vinavyovaliwa juu ya jezi, nami nasita kulikubali. Kizibao kipana hushikwa kwa vidole, huchanika, humvuta mtu shingoni na huficha namba, na mwamuzi ana mamlaka ya kukataa vazi analoliona kuwa la hatari. Kugeuza jezi ndani nje ni afadhali kidogo, ila namba hupotea, na mwamuzi akitoa kadi ya njano hana budi kumwita nahodha mara moja ili ajue jina la anayetoka kwa dakika 10.

Kuahirisha mchezo kwa sababu ya rangi ni hatua ambayo sijaona ikihitajika pale simu ilipopigwa mapema, siku ya Jumatano kabla ya mchezo. Mwamuzi huuliza kila klabu rangi ya jezi, mikono na soksi, kisha huchagua jezi yake mwenyewe, maana naye akivaa inayofanana na timu moja, mchezaji aliyebanwa anaweza kumrushia mpira. Nami hubeba jezi 2 kwenye begi, moja nyepesi na moja nzito, hata nikiwa nimeshajibiwa na klabu zote mbili.