Umeshasasisha? Huduma Bado Haijui

Kila dosari kubwa inapotangazwa katika maktaba ya programu (msimbo unaotumiwa kwa pamoja na programu nyingi), sisi tunaokagua usalama wa seva tunapokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa wasimamizi wa seva: "Sasisho tumeshaweka, mbona mkaguzi wenu ameandika kwamba tuko hatarini?" Mkaguzi hajakosea.

Huduma inapoanza huipakia maktaba kwenye kumbukumbu, na huitumia hiyohiyo mpaka izimwe. Sasisho hubadilisha faili iliyo kwenye diski tu. Katika Linux, nakala ya zamani hupoteza jina lake, lakini haiondoki maadamu kuna mchakato (programu inayoendelea kufanya kazi) unaoishikilia. Seva ya tovuti iliyowashwa miezi sita iliyopita inaendesha msimbo wa miezi sita iliyopita, hata kama umesasisha leo asubuhi.

Heartbleed, dosari ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, ilipotangazwa Aprili 2014, toleo la OpenSSL 1.0.1g lenye marekebisho lilitoka siku hiyohiyo. Aliyeliweka bila kuwasha upya huduma zake aliendelea kuvujisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu kwa kila ombi la mshambuliaji, na humo huweza kuwamo nywila, hata funguo za siri.

Kuhakiki ni rahisi. Ndani ya /proc, saraka ambamo Linux huonyesha michakato kwa namba zake, fungua faili ya maps ya mchakato unaoushuku. Mstari wa libssl, faili ya maktaba ya OpenSSL, ukiishia na neno "deleted", mchakato huo ungali na maktaba ya zamani. Kuipitia michakato yote, tumia zana ya needrestart kwenye Debian na Ubuntu, needs-restarting kwenye jamii ya Red Hat, au zypper ps kwenye SUSE. Iendeshe kama root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, la sivyo huenda usione michakato ya watumiaji wengine ukadhani mambo ni shwari.

Kisha iwashe upya huduma kwa amri ya systemctl restart, si reload. Hili tumelieleza mara nyingi na tutalieleza tena: reload kwa kawaida husoma upya mipangilio tu, mchakato mkuu hubaki uleule, na maktaba yake ileile. Ukimaliza, rudia ukaguzi, kisha andika jina la huduma na saa uliyoiwasha kwenye rekodi ya mabadiliko. Bila rekodi hiyo, sisi huihesabu huduma kuwa haijasasishwa na jalada halifungwi.

Kilichosasishwa kikiwa ni glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, usihangaike na huduma mojamoja, kwani karibu kila kitu kinaitegemea. Washa upya seva nzima. Keneli, kiini cha mfumo, nayo ni vivyo hivyo, isipokuwa kama unatumia viraka vya moja kwa moja, visivyohitaji kuwasha upya. Kontena, yaani kifurushi kinachoendesha programu kikiwa kimetengwa, hubeba maktaba zake, kwa hiyo kusasisha seva inayoibeba hakuzigusi. Jenga upya taswira yake (image), yaani kiolezo ambacho kontena huanzishwa nacho.

Tunajua hofu iliyopo: huduma huenda isiamke. Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa seva iliyokaa miaka miwili bila kuzimwa huku mipangilio yake ikiguswaguswa. Basi jaribu kwanza kwenye seva ya majaribio, tangaza muda wa matengenezo, na uifanye kazi hiyo wakati aliyeisanidi huduma yupo.