Kikombe cha unga si gramu 250, jamani

Ujumbe umeingia tena: "Dada, gramu 250 za unga si ndiyo kikombe kimoja?" Hapana. Kikombe ni mililita 250, tena si kila kikombe. Mililita zinapima nafasi, gramu zinapima uzito, na namba hizo mbili zinalingana kwenye maji. Maziwa yanakaribia. Kikombe cha mililita 240 ukikijaza mafuta ya kula unapata gramu 220 hivi, sukari 200, asali 340, unga wa ngano 120 na kitu. Anayesoma gramu 250 akaweka kikombe kimoja ametia nusu ya unga, na keki itadidimia katikati. Anayesoma vikombe viwili akapima nusu kilo ametia maradufu, halafu napigiwa simu kwamba resipi yangu mbovu.

Ukubwa wa kikombe chenyewe nitaupita haraka. Cha Marekani ni mililita 237, cha Australia 250, cha Japani 200. Kati ya Marekani na Australia keki haitakusuta. Kikombe chako cha chai, hicho sikijui.

Kinachoniudhi ni unga. Zamisha kikombe kwenye pakti, kigonge mezani, jazia tena: gramu 150, pengine zaidi. Sasa chekecha kwanza, utie kwa kijiko, sawazisha kwa mgongo wa kisu bila kugonga: 120, au hata chini yake. Kikombe kilekile, unga uleule, mikono ileile. Kwenye resipi ya vikombe vitatu umezidisha gramu 90, yaani robo tatu ya kikombe, na maziwa hujaongeza hata tone. Keki inapasuka juu, inakuwa kavu, inakwama kooni, na lawama zote anabebeshwa oveni. Halafu kuna resipi inayotaka "kikombe cha unga uliochekechwa" na nyingine "kikombe cha unga, kisha uchekeche". Hizo si resipi moja! Ya kwanza inataka unga mchache kuliko ya pili, lakini watu wanazisoma kama salamu, macho yanapita tu.

Mazoea haya ya vikombe yana nguvu sana Marekani, ambako Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alisisitiza vipimo vya kusawazishwa katika kitabu chake cha mwaka 1896. Na Wamarekani wenyewe hawajakubaliana: wapo wanaohesabu kikombe cha unga kuwa gramu 120, wapo wa 125, wapo hadi wa 142. Mimi ukutani nimebandika 125, na siwezi kukuapia kwamba aliyeandika resipi unayoifuata alijaza hivyo. Resipi ikija na vikombe bila maelezo, naanza na 125, nabakiza unga kidogo pembeni, naangalia mchanganyiko unavyodondoka kutoka kwenye mwiko. Ndiyo, ni kubahatisha kwenye uzoefu.

Mizani nayo isiabudiwe. Hizi za jikoni zinazosoma gramu mojamoja hazifai kwa hamira, chumvi wala bekingi pauda kidogo. Hapo tumia kijiko cha chai cha mililita 5, kilichosawazishwa.

Na usinitajie bibi na mkate wake wa kumimina. Bibi anapima mchele, tui na sukari kwa kikombe kimoja, kwa hiyo kikombe kikiwa kikubwa vyote vinaongezeka pamoja. Mchele haushindiliki kama unga, na tui analiongeza kwa jicho. Keki ina mayai, na yai halijali ukubwa wa kikombe chako.

Kama mizani huna bado, nunua pakti ya unga ya kilo moja. Chekecha wote kwenye beseni, utie kwenye kikombe chako kwa kijiko, sawazisha, mimina pembeni, hesabu mpaka uishe. Gawanya 1,000 kwa idadi ya vikombe ulivyopata. Hiyo ndiyo gramu ya kikombe chako kwa mkono wako. Iandike chini yake kwa maka peni. Mdogo wako akitaka kupika, na yeye ahesabu ya kwake.