Upepo Umetulia, Umeme Haupo: Hatari Zinazobaki

Dhoruba ikishapita na umeme kukatika, wengi hushusha pumzi. Sisi tunaoshughulikia usalama wa jamii, wasiwasi wetu huanzia hapo. Tarehe 29 Juni 2012 upepo mkali uliikumba Marekani, kuanzia majimbo ya kati hadi pwani ya mashariki, ukawaacha wateja zaidi ya milioni 4 bila umeme katikati ya joto kali. Siku zilizofuata joto hilo likaendelea kuua watu huku mafundi wakihangaika na nyaya.

Waya ulioanguka usiusogelee, hata kama hautoi cheche. Kaa mbali mita 10 au zaidi, zuia watoto, lijulishe shirika la umeme.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni jenereta. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni uchovu wa joto, hujilaza, asiamke tena. Kufungua dirisha hakutoshi. Iweke nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi lielekee kusiko na mlango wala dirisha. Gereji si nje, hata mlango wake ukiwa wazi. Jiko la mkaa nalo lisiingizwe ndani. Wala usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani: umeme hurudi kwenye laini, transfoma huupandisha hadi maelfu ya volti, ukamkuta fundi juu ya nguzo akiamini laini imezimwa.

Friji isiyofunguliwafunguliwa hutunza chakula kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, 24. Ukisikia utabiri wa dhoruba, gandisha maji kikombeni, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe kwenye friza. Umeme ukirudi, chungulia. Sarafu ikiwa bado juu, barafu haikuyeyuka. Ikiwa chini kabisa, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya, kwa hiyo tupa. Usionje kupima, kwani vijidudu vinavyodhuru huenda visibadilishe ladha wala harufu.

Mchana funga mapazia upande wa jua, usiku kukipoa fungua madirisha. Kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Ukimwona mtu mwili unamchoma kwa joto na maneno yake hayaeleweki, usimwache apumzike kwanza: ita msaada wa dharura, mtoe juani, mlowanishe maji mwili mzima na umpepee mpaka msaada ufike.

Jirani mzee anayeishi peke yake, mgongee mlango asubuhi na jioni, uingie, usitosheke na sauti ya "nipo salama" kutoka ndani. Akiwa anatumia mashine ya oksijeni, muulize leo hii betri yake hudumu saa ngapi, mkubaliane atahamia wapi kabla haijaisha.